Mdomo wa Majengo na Usalama wa Nchi

Mto Ruvuma, unaotutenganisha na Msumbiji, unaanzia katika milima ya Matogoro, mashariki ya mji wa Songea. Asubuhi isiyo na ukungu, mtu akitafuta mahali pa wazi hapa mjini anaiona milima hiyo bila taabu. Nasema hivyo ili msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba sisi watu wa Majengo, ingawa tunakaa mjini na mpaka wenyewe uko mbali, hatujapata kuuona mpaka kama jambo la ramani tu. Maji ya mpaka yanatoka kwetu. Na mara nyingine hata vita vya mpakani vimekaribia kutoka kwetu, yaani kutoka vinywani mwetu, na habari hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Sikupata kuwa askari. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu. Kwa desturi yetu mambo ya ulinzi na usalama wa taifa ni mambo ya wakubwa: huamuliwa ndani ya vyumba vilivyofungwa, na mwananchi huambiwa yakiisha. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini nikikumbuka niliyoyaona katika mtaa huu mmoja, naona kwamba maoni ya watu wa kawaida yalikuwa yakiingia katika vyumba hivyo, mara kwa mlango, mara kwa dirisha, na mara moja au mbili kwa kuvunja ukuta.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa balozi wa nyumba kumi wa TANU, na baadaye wa CCM. Kazi yake ilikuwa ufundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani, na daftari la wageni lilikaa ndani ya mtoto wa meza ya cherehani hiyo, chini ya makopo ya vifungo. Kila mgeni aliyelala katika nyumba zake kumi alipaswa kuandikwa: jina, atokako, aendako, amefikia kwa nani, ataondoka lini. Watu wa siku hizi wakisikia hivyo husema ule ulikuwa ujasusi. Huenda. Lakini wakati ule ng'ambo ya mto kulikuwa na vita.

FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na Septemba 25, 1964 ikaanza vita vya silaha dhidi ya Wareno. Wakimbizi walivuka Ruvuma kwa maelfu, na huko Muhukuru, kusini ya Songea, yakafunguliwa makazi yao. Ndege za Wareno nazo zilipata kuvuka na kudondosha mabomu katika vijiji vya upande wetu. Sasa fikiri, msomaji wangu, hali ya nchi yetu mwaka ule. Jeshi la zamani lilikuwa limeasi mwezi Januari 1964 na kuvunjwa. Jeshi jipya, JWTZ, liliundwa Septemba mwaka huo huo, mwezi ule ule vita vya Msumbiji vilipoanza. Mpaka ni mrefu, msitu ni mnene, na jeshi ni changa. Serikali iliyoamua kuwapokea wapigania uhuru katika hali hiyo haikuwa na ukuta wa kujikinga. Ilikuwa na watu. Watu wa Ruvuma na Mtwara wangekataa, wangeficha chakula na kuwaonyesha Wareno njia, sera ile nzuri ya ukombozi isingefika mwaka wa pili.

Kwa nini hawakukataa? Mikutano ya TANU ilisaidia, sikatai, na redio ilisaidia. Lakini bibi yangu hakuwa na redio. Yeye alikuwa kigori wakati wa njaa iliyofuata vita vya Majimaji, na alijua mahali waliponyongewa mashujaa wetu hapa Songea Februari 27, 1906. Wakimbizi walipoanza kupita na watoto migongoni, bibi hakuuliza ni wa kabila gani. Alisema tu, "Hawa ni sisi," kisha akaenda kutwanga. Mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo humhitaji mhutubu wa kumfundisha sera? Serikali ilikuta maoni yamekwisha kuwepo, ikajenga juu yake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipotangaza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma mzima na kwamba mgambo iimarishwe, watu wa kwetu waliona kwamba jambo wanalolijua limeandikwa sasa kwenye karatasi.

Hata hivyo nisiwasifu watu wa kwetu kupita kiasi, maana nilikuwa miongoni mwao.

Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi. Habari ile ilipofika Songea ilitutia hofu ya ajabu. Nakumbuka mwenye duka mmoja aliyekataa kufungua bunda la daftari alilokuwa ameliagiza mwenyewe. Wakati wa kiangazi mwaka huo huo, jioni moja, mtu aliingia Majengo akitokea barabara ya kusini. Alivaa koti la mvua na buti, na mvua hakuna. Alikuwa na mfuko wa turubai begani. Alimwuliza mama mmoja muuza vitumbua njia ya kwenda Peramiho, na Kiswahili chake kilikuwa kizito, chenye lafudhi ya ng'ambo ya mto. Hayo tu. Kabla hajafika kwenye bomba la maji watoto walikuwa wameanza kumfuata. Alipofika bombani, watu wazima nao. Na alipokaribia nyumba yetu hakuwa tena mtu anayeuliza njia bali jasusi wa Mreno. Ilisemwa kuwa waya wa redio umeonekana ukichungulia mfukoni mwake. Aliyeuona hakujulikana ni nani. Kila mmoja alimsikia mwenziwe.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilirusha jiwe. Wengine nao walirusha, lakini langu nililiona lilipofikia, juu ya sikio la kushoto, nami nikafurahi.

Baba aliinuka kwenye cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Akamshika yule mtu mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango, akarudi kusimama barazani. Hakutuhutubia. Alitoa daftari na kalamu, akauliza, "Nani ameona waya wa redio? Aje niandike jina lake, kisha niandike alichokiona." Watu wakatazamana. "Haya, nani amemsikia huyo aliyeuona?" Wapi! Haukupita muda mrefu tukabaki watoto tu na mbwa.

Mfukoni mlikuwa na unga, blanketi, na karatasi iliyoandikwa na mganga. Mke wake alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni ya Peramiho, naye alitembea kutoka Muhukuru kumfuata. Mama alimkanda kichwa kwa maji ya moto yenye chumvi, na usiku alilala kwetu. Jina lake liliandikwa daftarini kama la mgeni mwingine yeyote. Asubuhi baba aliniamuru nimsindikize kipande cha njia, nimbebee mfuko. Hakupata kuniambia kama alijua jiwe lilikuwa la nani. Mgeni naye hakuniuliza. Tulipoagana alinipa mkono na kunishukuru, na kwa kweli shukrani ile ndiyo iliyoniuma.

Baba alikuwa na msemo wake kuhusu kazi ya ubalozi: kuna habari yenye mwenyewe, na kuna habari isiyo na mwenyewe. Ya kwanza ina mtu atakayesimama na kusema, mimi nimeona, saa fulani, mahali fulani. Ya pili haina wa kuulizwa. Serikali, alisema, inaweza kujilinda kwa ya kwanza, lakini ya pili inaweza kuibeba serikali nzima ikaipeleka pasipojulikana. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya maoni ya umma tangu wakati ule, na sijaona jambo lililonisaidia kupambanua zaidi ya hilo. Mwezi Oktoba 2020, watu wenye silaha walipovuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, nilimfikiria baba na daftari lake. Mto ni ule ule. Wa kwanza kumjua mgeni atokaye ng'ambo, awe mkimbizi au muuaji, ni mwanakijiji, naye ataisema habari yake mahali anapoamini hatageuzwa yeye mshitakiwa.

Vita vya Kagera nitavipitia haraka, kwa kuwa vimeelezwa na wengi. Songea na Kagera ni pembe mbili za nchi zisizoonana. Lakini Mwalimu Nyerere aliposema redioni Novemba 2, 1978 kwamba tunayo sababu ya kumpiga Amin, tunayo nia na tunao uwezo, vijana wa Majengo waliokuwa hawajapata hata kuiona Dar es Salaam walikwenda kuandikishwa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikabaki kukusanya michango: mahindi, kuku, fedha za sumni sumni. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Ninachokikumbuka zaidi ni kilichofuata. Tuliombwa tufunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Tukafunga. Miezi ile ikapita, ikaja mingine, sabuni ikawa ya kupangia foleni, na hakuna aliyerudi kutueleza vizuri kwamba hesabu imebadilika na kwa nini. Wazee walewale waliotoa kuku kwa moyo mkunjufu walianza kununa. Hawakujuta kwa vita. Walichukizwa na kuahidiwa muda kisha wakaachwa wauhesabu peke yao. Nadhani imani ya watu kwa serikali katika mambo ya usalama iliungua hapo kuliko pale mpakani.

Sasa nije karibu na nyumbani zaidi, nako si kwepesi.

Mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012 mji wa Songea uliingiwa na mauaji. Watu walikutwa asubuhi wameuawa, na kila maiti ilizaa hadithi zake, nyingi za imani za kishirikina. Hapa Majengo mama ntilie walianza kufunga kabla ya magharibi. Vijana wa bodaboda, ambao riziki yao ni usiku, waliogopa kumbeba abiria wasiyemjua. Nitasema lile ninalolijua kwa yakini: zilikuwepo habari zenye mwenyewe. Jirani yangu mmoja, mtu mzima na mtulivu, alikwenda mara mbili kutoa taarifa ya aliyoyaona usiku karibu na kwake. Ofisi aliyokwenda siitaji. Mara ya kwanza aliambiwa arudi. Mara ya pili aliulizwa yeye alikuwa akitafuta nini nje saa hizo. Hakurudi mara ya tatu. Badala yake alikuja barazani akatuambia sisi, na sisi tukawaambia wengine, na ilipofika sokoni habari yake ilikuwa haina tena jina lake, ila imeongezewa gari jeusi na watu wasio na nyuso.

Jumatano, Februari 22, 2012, watu waliandamana mjini kudai ulinzi. Nilikuwa shuleni. Tulisikia milio, tukawalaza watoto chini ya madawati, tukiwaambia ni baruti za wachimba mawe. Watoto hawakuamini hata kidogo. Siku ile iliishia kwa mabomu ya machozi na risasi, na wako waliotoka kwao asubuhi wasirudi. Siku tano baadaye ilikuwa Februari 27, kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji. Wageni huja siku hiyo, hotuba hutolewa, na sisi hutulia kusikiliza jinsi watu wa zamani walivyonyongwa kwa kusema hapana. Mwaka ule sikwenda.

Usiku wa wiki zilizofuata niliyaona magari ya doria yakipita Majengo mara nyingi kuliko nilivyopata kuyaona. Kwa hiyo ni kweli kwamba maoni ya watu yalibadili mpango wa usalama. Yalibadili. Lakini yule jirani yangu alikuwa amekwenda mara mbili kwa miguu yake kuleta bure kile kilichokuja kununuliwa kwa damu.

Mwaka uliofuata niliona namna nyingine. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili wa tembo, ikatumia jeshi, polisi na askari wa wanyamapori pamoja. Wilaya zetu za Namtumbo na Tunduru zinapakana na Selous, na hapana mtu mwenye akili aliyependa tembo waishe. Watu waliunga mkono. Kisha zikaanza habari za wananchi kupigwa, kuteswa na kunyang'anywa, na wengine kufa, kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Safari hii habari zilikuwa na wenyewe, nazo zilipata pa kwenda: wabunge walizibeba mpaka Dodoma, operesheni ikasimamishwa, kamati ya Bunge ikaundwa na kwenda kuwasikiliza walalamikaji. Desemba 20, 2013 taarifa yake ilisomwa, na usiku ule mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao: wa Maliasili na Utalii, wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani, na wa Mifugo. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati ule alikuwa Dakta Emmanuel Nchimbi, mbunge wetu wa Songea Mjini. Hakuna aliyedai kwamba waziri alimpiga mtu kwa mkono wake, na barazani tulibishana sana kama ni haki kiongozi kuanguka kwa makosa ya walio chini yake mbali. Mimi nilisema ni haki. Mzee mmoja, mpenzi mkubwa wa mbunge wetu, hakunisemesha mpaka Mwaka Mpya. Lakini hata yeye alikubali kwamba ule ulikuwa mlango, na kwamba kwa mlango ule hakuna aliyehitaji kurusha jiwe.

Nimeiacha habari ya ziwa mwisho, japokuwa ni ya mwaka 2012, kwa sababu inanihusu mwenyewe.

Mkoa wa Ruvuma una mpaka mwingine, wa Ziwa Nyasa. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi za watu kwa mkataba wa Julai 1, 1890, mstari waliuweka ukingoni mwa ziwa upande wetu. Malawi inasema mstari ni huo huo, ziwa lote la kaskazini ni lao. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Mwalimu alilitoa jambo hili waziwazi mwaka 1967, na Rais Banda akajibu kwa ukali, hata akadai kwamba mipaka ya asili ya Malawi inaingia ndani ya nchi za jirani zake. Kisha likalala. Mwaka 2012 likaamka kwa harufu ya mafuta na gesi, Malawi ilipokuwa imetoa leseni za utafiti ziwani. Mwezi Agosti marehemu Bernard Membe, Waziri wa Mambo ya Nje, aliwataka wasimamishe utafiti, na marehemu Edward Lowassa, mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya mambo ya nje, ulinzi na usalama, akasema jeshi letu liko tayari ikibidi.

Magazeti ya Dar es Salaam hufika Songea na mabasi, usiku. Kesho yake asubuhi, katika baridi ile ya Agosti, mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa baraza letu la kahawa. Nilisoma kwa sauti ya darasani. Hasira zikapanda. Mmoja akasema Wamalawi wametuzoea. Mwingine akasema tulimpiga Amin, hawa ni nani. Nami, mwalimu, mtu wa miaka hamsini na saba, niliyekuwa nimerusha jiwe na kujuta, nikasema tuandike barua. Niliiandika mimi. Ilikuwa barua nzuri kwa lugha, naijua mpaka leo: wananchi wa Majengo wanaitaka serikali isiendelee kubembeleza, iwafundishe adabu wavamizi. Tulipata saini arobaini na moja. Tulikusudia nakala moja iende kwa mbunge na nyingine kwa gazeti.

Jioni dada yangu alinipigia simu kutoka Mbamba Bay. Ameolewa huko miaka mingi. Hakunisalimia sana.

"Kaka, tunasikia huko mjini mnataka vita."

Nikamwambia habari ya mpaka, mkataba, katikati ya maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza nikiwa mvulana.

"Sawa. Sasa huku wavuvi wamerudi pwani tangu juzi, hawaendi na taa usiku, wanaogopa kupigwa risasi. Usipa hakuna. Mama mkwe wangu kwao Likoma, unajua. Mkwe wangu yuko Nkhata Bay na mzigo wa watu. Mkiwapiga hao, msiba tutakwenda kuulilia wapi? Umewauliza wenye ziwa, kaka, au umeuliza gazeti?"

Sikuwa na jibu. Niliitoa barua, nikazisoma zile saini arobaini na moja moja baada ya moja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtumbwi. Watatu tu, kwa ninavyojua, walikuwa wamepata kuliona ziwa. Sisemi kwamba watu wa Majengo hawana haki ya kusema juu ya mpaka wa nchi yao. Wanayo, na nchi ambayo raia wake hawajali mpaka wake nayo itaibiwa. Lakini hasira tuliyoitia saini ilikuwa haina mwenyewe. Ilikuja na basi usiku, tukaipa majina yetu.

Barua sikuipeleka. Wenzangu waliponiuliza nilisema nimekwisha kuituma. Huo ulikuwa uongo, na baadhi yao wameukuta hapa kwa mara ya kwanza. Naomba radhi kwa uongo, si kwa kutoipeleka.

Serikali haikungoja barua yetu. Rais Kikwete alikutana na Rais Joyce Banda wakati wa mkutano wa SADC huko Maputo mwezi huo huo wa Agosti, akawaambia wananchi kwamba hakuna vita, na baadaye suala likapelekwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano. Nilicheka nilipolisikia jina hilo. Chissano ni mmoja wa wale wa FRELIMO waliokaa nchini mwetu miaka ya vita vyao, wakati watu kama baba yangu walipokuwa wakiandika wageni daftarini. Mpaka wenyewe haujaamuliwa hadi leo, na wavuvi wamerudi na taa zao.

Mwezi Septemba nilipanda basi kupitia Mbinga kwenda kumwona dada. Barabara ilikuwa mbaya, tukafika giza limeingia, nami nimebeba kiroba cha unga wa mahindi wa Songea begani, mweupe kwa vumbi. Shemeji alinipokea kituoni na tochi. Alinimulika usoni, akamulika kiroba, akakipapasa.

"Shemeji," akaniuliza, "umetuletea vita au unga?"

Nikamwambia unga. Akanipokea mzigo, tukateremka pwani kwa miguu, na njiani akanieleza bei ya usipa.